Rilizi moja, imeili tatu: nani humu anatuma taarifa za toleo jipya kwa otomatiki na analala usingizi?

#1 KisuButu
Wakuu salamu. Niende moja kwa moja maana mikono bado inatetemeka.

Nina programu ndogo naiendesha na mwenzangu mmoja, kuna watu kama elfu mbili hivi wamejiandikisha kupata imeili kila toleo jipya likitoka. Zamani nilikuwa naandika mwenyewe, nakopi, nabandika, natuma. Mwezi uliopita nikasema hapana, mimi ni developa sio karani, nikaandika faili la YAML (la maelekezo) kwenye GitHub Actions, ile huduma ya GitHub ya kukimbiza kazi zenyewe: toleo likitoka skripti inachukua komiti zote (mabadiliko ya kodi na ujumbe wake) toka tagi iliyopita (alama ya toleo), inazipanga, inasoma wanachama kwenye databesi, inatuma. Nikaijaribu kwa anwani yangu mwenyewe ikakubali. Nikajiona bingwa.

Jana jioni nimebonyeza kutoa toleo nikaondoka zangu. Narudi nakuta watu wamejibu. Mmoja kaandika "asante nimeipata", dakika chache mbele "asante nimeipata", halafu "jamani imetosha". Wengine wamepata moja, wengine mbili, wengine tatu, na kuna wateja wanaolipia kabisa hawajapata hata moja. Na ndani ya imeili yenyewe kulikuwa na hivi, nawabandikia kama ilivyokwenda:

- rekebisha kitufe
- rekebisha kitufe tena
- kitufe!!!
- usifute hii
- sijui kwanini ila inafanya kazi

Hiyo ndio taarifa rasmi iliyofika kwa wateja. Sasa nauliza, kosa liko GitHub, liko kwa mtoa huduma wa imeili, au ni mimi? Na kuna mtu humu anayeendesha kitu hiki mwanzo mwisho bila kugusa na hakimsumbui?

#2 BawabuWaSeva
"sijui kwanini ila inafanya kazi" 😂😂 hiyo ndio taarifa ya toleo ya kweli kuliko zote nilizowahi kusoma. Naweka kambi hapa.

#3 Mama_Tagi
Pole mkuu. Hebu bandika ile sehemu ya juu ya YAML, pale kwenye `on:`. Kama umeandika `release` tupu bila kutaja aina, basi kila tendo la rilizi linaamsha kazi: created, published, released, hata baadaye ukihariri neno moja tu nayo inaamka. Ukitoa rilizi moja kwenye ukurasa yanalia matatu kwa mpigo. Tatu zako ndio hizo, usihangaike kutafuta mchawi.

#4 KisuButu
Dada nimetaja aina, ona:

```
on:
  push:
    tags: ['v*']
  release:
    types: [published]
```

#5 Mama_Tagi
Basi sio tatu, ni mbili 😂. Tagi ikiingia inawaka, rilizi ikitoka inawaka tena. Chagua moja. Mimi ningebaki na published, kwasababu rilizi ikiwa bado rasimu haiamshi kitu, una nafasi ya kusoma ulichoandika kabla watu hawajakisoma.

#6 ChujioLaLogi
Mama_Tagi uko sawa ila sio mara zote. Kama rilizi imetengenezwa na kazi nyingine ya Actions kwa kutumia ile GITHUB_TOKEN ya kawaida (ufunguo ambao GitHub inaipa kila kazi), tukio lake haliamshi kazi nyingine, wameizuia makusudi ili kazi zisiwe zinaamshana mpaka kesho. Wengi wanalia kinyume cha KisuButu, roboti linatoa rilizi vizuri kabisa na imeili haiendi kwa mtu hata mmoja, wanashinda siku nzima wanakagua nywila ya SMTP (njia ya kutuma barua) kumbe kazi haikuamka kabisa.

KisuButu ulitoa kwa mkono au roboti?

#7 KisuButu
Kwa mkono, na tagi ikatengenezwa hapo hapo kwenye ukurasa wa rilizi.

#8 ChujioLaLogi
Basi zimewaka zote mbili. Ya tatu bado hatujaijua. Na waliokosa kabisa bado hatujawaeleza, maana kuwaka mara mbili hakumnyimi mtu.

#9 Posta_ya_Zamani
Vijana mnakimbilia YAML wakati ugonjwa huu umeanza kabla wengi wenu hamjazaliwa. SMTP yenyewe ina mwanya. Mtumaji akimaliza kutoa barua anaweka nukta peke yake kwenye mstari, anasubiri upande wa pili umjibu 250, yaani nimepokea. Upande wa pili barua ameshaipokea lakini anachelewa kujibu, labda bado anaichambua. Mtumaji anachoka, anakata, anajiambia haikufika, anatuma tena. Mpokeaji sasa anazo mbili. Kuna RFC nzima (waraka wa kiufundi wa intaneti) imeandikwa juu ya jambo hili, namba 1047, ya mwaka 1988. Na kwa sababu hiyo viwango vinashauri pale baada ya nukta mtumaji avumilie dakika 10 nzima.

Timeout ya skripti yako (muda wa kusubiri jibu) umeweka ngapi?

#10 KisuButu
Sekunde 10 😬

#11 Posta_ya_Zamani
Umekosea mara sitini.

#12 BawabuWaSeva
Mzee kaua 😂😂😂

#13 ChujioLaLogi
Heshima yako mzee, lakini kwa huyu sina hakika. Yeye hatumi moja kwa moja kwa wapokeaji, anampa mtoa huduma kupitia bandari 587, na wale kazi yao ni kupokea na kuweka kwenye foleni, wanajibu haraka sana. Kuchelewa kuko kati ya mtoa huduma na wapokeaji, na huko timeout ya KisuButu haina kauli.

#14 Posta_ya_Zamani
Wanajibu haraka siku nzuri. Mpe mtu mmoja barua elfu mbili kwa pumzi moja uone kama bado atakujibu haraka. Logi zitasema.

#15 mdudu_kazini
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza skripti inasomaje wanachama. Mkuu unawachukua wote kwa mara moja au kwa mafungu?

#16 KisuButu
Mafungu ya mia mia. LIMIT 100 na OFFSET inayopanda, yaani nipe mia, ruka waliopita. Nikishamtumia mtu naandika saa kwenye safu yake `imetumwa_saa`. Databesi ni PostgreSQL.

#17 mdudu_kazini
Na ORDER BY, ile ya kupanga safu?

#18 KisuButu
...hakuna

#19 mdudu_kazini
Nimekukamata. Sikiliza sasa, hii nimeila mwenyewe mwaka jana ndio maana naijua. Bila ORDER BY databesi haikuahidi mpangilio wowote, inakupa kama inavyozikuta. Na kwenye PostgreSQL ukibadilisha safu haiandikwi juu ya ile ya zamani, inaandikwa nakala mpya na mara nyingi inakaa sehemu nyingine kwenye jedwali. Sasa wewe unatuma fungu la kwanza, unawaandikia saa, wale mia wanahamia kwa mfano nyuma ya foleni. Walioko mbele wanasogea kujaza. Wewe unasema niruke mia nipe mia zinazofuata, kumbe wale mia unaowaruka ni watu ambao hujawahi kuwagusa. Hao ndio waliokosa. Na wale waliohamia nyuma utakutana nao tena mwishoni unawatumia mara ya pili.

Yaani kazi ikiwaka mara moja tu unapata wanaokosa NA wanaorudiwa. Ukiiwasha mara mbili juu yake, mbili kwa pamoja zinasukumana kwenye jedwali moja, ndio unapata huo mchanganyiko wa moja mbili tatu sifuri.

#20 Mama_Tagi
Hapo umegonga penyewe. Yangu naiondoa... hapana siiondoi, zote mbili zinaweza kuwa kweli.

#21 ChujioLaLogi
Inavutia ila nina swali. Alipojaribu mwenyewe hakuona tatizo.

#22 mdudu_kazini
Alijaribu na anwani MOJA chujio. Mtu mmoja anasogea kwenda wapi?

#23 chini_ya_mwembe
Samahani kuingilia, mimi sio developa wa kila siku ila nasimamia orodha ya wanachama ya kikundi. Mmeangalia kama mtu mmoja kajiandikisha mara mbili? Kwetu tulikuta mtu yuko na herufi kubwa mwanzoni na yuko tena na herufi ndogo, na mara ya tatu kaacha nafasi mwishoni. Mashine inaona watu watatu. Yeye anaona imeili tatu na anatutukana.

#24 mdudu_kazini
Hilo nalo neno. Na mtu asipoona imeili ya kuthibitisha anajiandikisha tena na tena.

#25 KisuButu
Nimekimbilia kuangalia sasa hivi. Wapo kumi na tisa wa namna hiyo. Lakini yule wa "jamani imetosha" hayumo, yeye yuko mara moja tu na kwa herufi ndogo zote.

#26 BawabuWaSeva
Yule ndio shahidi wetu namba moja, mlindeni.

#27 nukta_tatu
Nyie wote mnajadili imeili zimekwenda ngapi, mimi naumia na kilichokuwa ndani. Komiti ni mazungumzo ya mafundi wako jikoni, kwanini unampelekea mteja? Hata kama ingefika moja moja kwa kila mtu bado ilikuwa ni aibu. Mteja anataka kujua: nini kimebadilika kwangu, natakiwa kufanya nini, lini. "Kitufe!!!" hakimsaidii.

Kwetu komiti zinafuata Conventional Commits, yaani kila ujumbe unaanza na feat au fix au docs na kadhalika, na inayovunja kitu inawekwa alama ya mshangao au BREAKING CHANGE chini. Skripti inachukua feat na fix tu, docs na chore zinabaki nyumbani. Na namba ya toleo inapanda yenyewe kwa kufuata hizo.

#28 Mama_Tagi
Nukta nakuunga nusu. Feat na fix zinasaidia kuchuja lakini hazimfundishi mtu kuandika. Nimeona "fix: rekebisha hitilafu". Hitilafu gani? Kwa nani? Sisi tumeweka kasanduku kwenye kila ombi la kumeji (kuunganisha kodi): "mstari mmoja kwa mtumiaji, au andika HAKUNA". Ukiacha wazi testi inakuwa nyekundu humeji. Mwanzoni kila mtu aliandika HAKUNA, hata aliyebadilisha ukurasa mzima wa malipo, mpaka siku tulipomwambia ajibu simu za wateja mwenyewe.

#29 kipepeo_mweupe
Siku hizi si unampa AI komiti zote anakuandikia taarifa safi? Mimi nafanya hivyo, dakika moja.

#30 nukta_tatu
Na anakuandikia hata kipengele ambacho hakipo. Kwetu aliona komiti inasema "andaa njia ya kuuza nje data", akawatangazia wateja wanaweza kuuza nje data. Njia iliandaliwa, kitufe hakikuwepo. Tulijibu barua siku tatu. Akuandikie rasimu sawa, lakini asiwe na ufunguo wa kutuma.

#31 kipepeo_mweupe
Haya yamenikuta kidogo pia, nakubali. Nasoma kabla sasa.

#32 mwiba_wa_samaki
Ongezeni na hii maana naona KisuButu anaelekea huko huko. Msichukue maandishi ya rilizi mkayamwaga moja kwa moja kwenye amri ya `run:` kwa yale mabano mawili ya GitHub. Yale maandishi yanabandikwa ndani ya skripti kabla haijakimbia, kwahiyo ganda (shell) linayasoma kama amri. Mimi taarifa yangu ilisema kabla ya kusasisha futa akiba kwa amri fulani, nimeiweka ndani ya zile alama za kupinda (backtick) ili ionekane vizuri. Ganda likaikuta, likaitekeleza pale pale kwenye mashine ya GitHub, na kwenye imeili mahali pa amri kukawa na pengo. Watu wakasoma "kabla ya kusasisha tafadhali kisha endelea".

Bahati amri ilikuwa ya kufuta akiba tu. Pitisha kwa `env:` halafu isome kama kigeu ndani ya nukuu. Sio usafi tu huo, ni usalama, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika chochote pale.

#33 BawabuWaSeva
"tafadhali kisha endelea" 😂 huu uzi unaniua

#34 Posta_ya_Zamani
Turudi kwa waliokosa. Mdudu kasema wamerukwa kwenye databesi, inawezekana. Lakini kabla hujahukumu, uliza kama waliangalia kwenye spamu. KisuButu domeini yako ina SPF, DKIM na DMARC, zile rekodi za kuthibitisha barua ni yako kweli?

#35 KisuButu
SPF ninayo. DKIM mtoa huduma alinipa rekodi nikaweka. DMARC sijawahi.

#36 Posta_ya_Zamani
Toka Februari 2024 Gmail na Yahoo walikaza. Ukituma Gmail imeili kama 5,000 na zaidi kwa siku wanataka zote tatu, pamoja na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Wewe una wanachama elfu mbili unajiona uko chini. Haya, elfu mbili mara tatu ni ngapi?

#37 KisuButu
Mzee 😭

#38 ChujioLaLogi
Sio wote ni wa Gmail lakini hoja imeeleweka 😂. Na SPF hebu ihesabu pia, inaruhusu kuuliza DNS (daftari la majina ya intaneti) mara 10 tu. Ukiongeza mtoa huduma wa imeili, wa ankara, wa dawati la msaada, kila mmoja na include yake (mstari wa kumruhusu) na za ndani yake, unapita kumi na SPF yote inahesabika mbovu. Inakuwa ilikuwa nzima jana na leo imekufa na wewe hukuigusa, kuna mtoa huduma mmoja kaongeza include kwake.

#39 chini_ya_mwembe
Hicho kitufe cha mbofyo mmoja ndio ile linki ya chini kabisa yenye maandishi madogo?

#40 Posta_ya_Zamani
Hapana mama. Ile ya chini iache, lakini hii ni vichwa viwili vya imeili, List-Unsubscribe na List-Unsubscribe-Post, RFC 8058 ya 2017. Programu ya barua inaonyesha kitufe chake yenyewe juu, mtu akibonyeza inatuma POST (ombi la kutenda, sio kufungua ukurasa tu) kwenye seva yako na wewe unamwondoa bila kumuuliza nywila wala sababu. Inatumika POST kwa sababu vichunguzi vya usalama vina tabia ya kufungua kila linki wanayoiona kwenye barua. Ukiweka kujitoa kwa linki ya kufungua tu, kichunguzi cha ofisini kwa mtu kitamtoa yeye hajui.

#41 chini_ya_mwembe
Kumbe! Kuna taasisi moja wanachama wetu wote walijitoa siku moja, tukadhani wametukasirikia.

#42 mwiba_wa_samaki
😂😂 mama nenda kawaombe radhi

#43 kamba_ya_kiatu
Mimi nitakuwa mbishi. Kwanini utume imeili kabisa? GitHub kila ukurasa wa rilizi una mlisho wa Atom (orodha ya habari mpya inayosomwa na programu), mtu anayetaka habari ajiunge nao. Huna orodha, huna DMARC, huna mtu wa kumrudia mara tatu.

#44 Mama_Tagi
Kwasababu wateja wa KisuButu sio wewe kamba. Mwambie mtu wa uhasibu ajiunge na mlisho wa Atom uone.

#45 kamba_ya_kiatu
Basi mlisho uwe katikati. Kuna huduma zinasoma mlisho na kutuma imeili, na kila ingizo lina kitambulisho chake, huduma inakumbuka hiki nimeshatuma. Kurudia kunaisha. Unatenganisha anayetoa rilizi na anayetuma barua.

#46 mdudu_kazini
Mpaka kitambulisho kibadilike, kwa mfano ukifuta tagi na kuitengeneza upya kwa jina jingine, unarudi pale pale. Lakini wazo la kutenganisha nalipenda. Actions isitume barua elfu mbili kwenye kitanzi. Iandike tu "toleo hili limetoka" kwenye jedwali, na mfanyakazi mwingine pembeni achukue taratibu.

Na dawa ya kurudia ni moja: jedwali la waliotumiwa lenye ufunguo wa kipekee wa (toleo, mwanachama). Unaingiza kwanza, databesi ikikataa maana yake keshatumiwa, ruka.

#47 ChujioLaLogi
Ukiingiza kwanza halafu skripti ikafa kabla ya kutuma?

#48 mdudu_kazini
Huyo mmoja amekosa.

#49 ChujioLaLogi
Na ukiingiza baada ya kutuma, ikafa katikati?

#50 mdudu_kazini
Huyo mmoja anapata mbili. Ndio chagua lako chujio, hakuna ya tatu, labda mtoa huduma wako apokee ufunguo wa kuzuia marudio kwa upande wake. Kwa taarifa ya toleo jipya mimi bora mtu akose. Kwa taarifa ya hitilafu ya usalama bora apate mbili.

#51 nukta_tatu
Na kitufe cha mwanadamu mwishoni. GitHub ina environments, unaweka mpaka mtu aliyetajwa aidhinishe ndio kazi inaendelea. Sisi kazi inatengeneza imeili kamili, inatuma kwa sisi wawili tu, inasimama. Mmoja anaisoma kwenye simu, anaidhinisha.

#52 kamba_ya_kiatu
Hiyo sio otomatiki tena.

#53 nukta_tatu
Sawa, iite unavyotaka. Sijawahi kufungua uzi wa "mikono inatetemeka".

#54 BawabuWaSeva
Uwiiii 🔥

#55 KisuButu
Nimerudi na logi wakuu, nimekaa nazo saa mbili.

Kwenye ukurasa wa Actions kazi ilikimbia mara mbili kwa kupishana sekunde 4, Mama_Tagi umepata. Lakini ya kwanza pembeni yake kumeandikwa jaribio la #2, yaani kuna mtu aliibonyeza irudie. Mimi sikuwepo. Nimemuuliza mwenzangu kwenye simu kasema hajagusa kitu.

Jaribio #1 lilikufa njiani, mstari wa mwisho ni jibu la 421 toka kwa mtoa huduma baada ya fungu la kumi na moja. Skripti ikachukulia ni kosa, ikafa na nyekundu. Wale waliokuwa hawajafikiwa... sijui.

#56 Posta_ya_Zamani
421 ni familia ya 4, maana yake njoo baadaye. Familia ya 5 ndio usirudi. Skripti yako haijui tofauti ya "subiri" na "toka". Umekosea adabu, hukufukuzwa.

#57 Mama_Tagi
Weka na `concurrency` basi, kundi moja, mbili zisikimbie pamoja. Na msirudie kazi yenye kutuma kitu kama hujui imefika wapi. Rangi nyekundu haimaanishi hakuna kilichotokea.

#58 rangi_nyekundu
Habari zenu, nimejiunga leo. Mimi ndio mwenzake KisuButu. Ni kweli nilibonyeza kurudia. Niliona nyekundu, nikajua ni testi imeanguka kama kawaida yake, nikabonyeza nikafunga laptopu. Kwenye simu nilisema sijagusa kwasababu sikuhesabu hiyo kuwa ni kugusa. Sikujua kazi hiyo inatuma barua, faili linaitwa `ci-2.yml`, jina kama la testi.

#59 BawabuWaSeva
Na jina kajichagulia rangi_nyekundu 😂😂😂 karibu jukwaani ndugu, hapa umefika.

#60 ChujioLaLogi
Kesi imefungwa? Mbili kwa tagi na rilizi, ya tatu kwa kurudia, waliokosa kwa 421.

#61 mdudu_kazini
Haijafungwa. Jaribio la #2 lilianza mwanzo wa orodha na kama lilimaliza salama waliokosa kwa 421 wangefikiwa. Na ile ya pili ya rilizi nayo si ilimaliza? Waliokosa kwenye kazi zote mbili wamekosaje? ORDER BY yangu bado iko palepale.

#62 Posta_ya_Zamani
Au wako kwenye spamu. Hajaweka DMARC mpaka sasa hivi tunavyoongea.

#63 rangi_nyekundu
Nimeweka sasa hivi, p=none (usizuie barua) kwanza tupokee ripoti. Halafu kuna mteja mmoja ana nakala nne. Nne. Yuko mara moja kwenye jedwali, nimeangalia.

#64 Posta_ya_Zamani
Sekunde kumi.

#65 chini_ya_mwembe
Au ana anwani ya zamani inayomfikishia kwenye mpya. Sisi tuna mmoja hivyo, kajiandikisha kote kote.

#66 kipepeo_mweupe
Nje ya mada kidogo, mnajuaje aliyefungua? Zangu zinaonyesha karibu nusu wanafungua sekunde ile ile inapofika.

#67 mwiba_wa_samaki
Sio watu hao. Toka 2021 Apple Mail inaweza kupakua picha zote yenyewe kabla mtu hajagusa, ile picha yako ya kuhesabu inahesabiwa. Hesabu wanaobofya linki, na hata hao chuja, vile vichunguzi vya mzee vinabofya pia.

#68 KisuButu
Wakuu nimeamua msamaha nauandika kwa mkono, nautuma kwa jopo la mtoa huduma, sio skripti. Someni kabla sijabonyeza:

"Habari. Jana wengi wenu mlipata taarifa ya toleo 2.4.0 zaidi ya mara moja, na baadhi hamkuipata. Kosa ni letu. Kilichobadilika kwenye toleo hili ni kitufe cha kuhifadhi, ambacho kilikuwa hakijibu kwenye simu. Hamhitaji kufanya chochote."

#69 nukta_tatu
Fupi, nzuri. Hiyo sentensi ya kitufe ndio ilitakiwa iende toka mwanzo.

#70 Mama_Tagi
Safi. Ila tagi yako mwenyewe kule juu kwenye ukurasa wa rilizi inasomeka v2.4.1.

#71 KisuButu
😶

#72 kamba_ya_kiatu
Skripti isingekosea hapo.